Kutoka njiwa hadi kigae: hii michezo ya trapu na skiti ilitoka wapi

Tarehe 31 Julai 2024, Olimpiki ya Paris imepamba moto, tulikuwa barazani kwetu Shela (Shela ya Malindi nasema, sio ile ya Lamu), tivii imewekwa dirishani, na aliyeshika rimoti katika kutafuta mpira akaangukia kwenye mashindano ya bunduki. Dada mmoja wa Guatemala kasimama, bunduki begani, akatoa sauti moja fupi, kitu kama kisosi kikachomoka ardhini mbele yake kikaenda mbio, na kabla hata sijaelewa ni nini kikapasuka kikawa vumbi la rangi. Kisha kingine. Kisha kingine. Alipomaliza alikuwa amevunja 45 kati ya 50, rekodi ya Olimpiki, na nchi yake ikapata medali ya dhahabu ya kwanza kabisa katika historia yake. Jina lake Adriana Ruano, na zamani alikuwa anacheza jimnastiki mpaka alipoumia uti wa mgongo.

Basi pakazuka ubishi. Mmoja aliyewahi kufanya kazi Dubai akasema hiyo ni skiti, mwengine akasema hapana hiyo ni trapu, wa tatu akasema ni kitu kimoja mnagombania nini. Ami yetu, mzee ambaye sote pale twamheshimu, akasubiri tunyamaze kisha akauliza, "Wanangu, kwani hivo vyombo vyavunjwa kwa sababu gani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikamwambia, "Ami, nipe muda nisome, ntakuletea jibu kamili." Nilisoma sana, na jibu limekuwa refu kuliko nilivodhani, ndo maana naliandika hapa kwa wote.

Kwanza bunduki yenyewe maanake wengi wanapotelea hapo hapo. Hii sio bunduki ya risasi moja kama ile ya askari. Ni bunduki ya marisau, katriji moja ina vidonge vidogo vidogo mamia, na vikitoka mtutuni vinatawanyika kadiri vinavoenda. Kwa hivo mpigaji halengi kama anayelenga karatasi ukutani. Mfikirie mvuvi wa kimia, anapouona mkumbo wa samaki hatupi pale walipo, anatupa mbele kidogo wanakoelekea, na mkono wake na jicho vinafanya hesabu ambayo yeye mwenyewe ukimwambia akueleze hawezi. Mpiga visahani anafanya hivo hivo ila yeye kitu chake kinaruka hewani kwa mwendo wa kilomita mia na zaidi kwa saa.

Sasa tofauti ya trapu na skiti. Ukishika jambo moja tu hutachanganya tena: kwenye trapu kisahani kinakukimbia, kwenye skiti kinakukatiza mbele.

Trapu ni kama unapita shambani kwenye majani, kwale akafurumuka chini ya miguu yako akaenda zake mbele, amekupa mgongo. Kwenye trapu ya Olimpiki kuna handaki mbele ya wapigaji, mita 15, ndani yake mashine 15 zimefichwa, tatu tatu mbele ya kila kituo, na vituo vya kupigia ni vitano. Unaposema uko tayari mojawapo ya zile tatu inarusha, kushoto, kulia au mbele moja kwa moja, na wewe hujui ni ipi. Ukikosa mara ya kwanza unaruhusiwa kufyatua mara ya pili kwa kisahani hicho hicho (kwenye raundi za mchujo, kwenye fainali ni risasi moja tu). Kile chombo kisipoguswa kinaanguka kama mita 76 kutoka kiliporushwa, kwa hivo muda ulionao ni chini ya sekunde moja kuamua na kupiga.

Skiti ni kitu chengine. Hapa kuna vijumba viwili vinatazamana, cha kushoto ni kirefu kinatoa kisahani juu, zaidi ya kimo cha mtu, na cha kulia kinakitoa chini, kimo cha kiuno. Visahani siku zote vinapita njia zile zile, vinapishana katikati. Kinachobadilika ni wewe. Unaanza kituo cha kwanza chini ya kijumba cha kushoto, unazunguka nusu duara kituo baada ya kituo mpaka cha saba, kisha cha nane kiko katikati kabisa baina ya vijumba viwili. Kila kituo pembe inabadilika, mara kisahani kinakupita kama kinakukwepa, mara kinakujia usoni. Pengine vinarushwa viwili kwa pamoja. Na kwenye skiti ya Olimpiki bunduki lazima iwe chini, kitako chake kiko usawa wa nyonga, huruhusiwi kuipandisha mpaka kisahani kionekane, na mashine inaweza kukuchelewesha hata sekunde tatu baada ya kuita. Risasi ni moja kwa kila kisahani, ukikosa umekosa.

Kwa hivo yule ndugu wa Dubai alikosea, alichofanya Ruano ni trapu. Lakini swali la Ami lilikuwa la kina zaidi, kwa nini visahani, na hapo inabidi turudi nyuma miaka mia mbili na zaidi.

Neno trapu lenyewe ni la Kiingereza na maana yake ni mtego. Mtego wa nini? Wa njiwa. Mchezo huu ulianza Uingereza karne ya kumi na nane, mnamo 1793 tayari ulikuwa unaandikwa kwenye jarida la michezo kama jambo lililozoeleka. Njiwa hai aliwekwa ndani ya kijisanduku, kikafungwa kamba ndefu, mpigaji akisimama mbali kidogo anapiga kelele "vuta!", mtu anavuta kamba, kifuniko kinafunguka, ndege anaruka, na hapo mtu anafyatua. Mpaka leo mpigaji wa Kiingereza anapotaka kisahani anatamka neno hilo hilo la kuvuta, wakati hakuna kamba yoyote ya kuvutwa, mashine ni ya umeme na inasikia sauti yake kwa kipaza sauti. Magharibi ya London pale Ealing kulikuwa na baa ambayo watu walitumia kofia kuukuu badala ya sanduku, njiwa anatiwa kwenye shimo dogo, anafunikwa kofia, kamba inavutwa, kofia inaondoka. Baa yenyewe ikaitwa kwa jina la hizo kofia. Watu waliweka dau la pesa, na njiwa walikufa kwa maelfu.

Nilipofika hapa kumsimulia Ami alininyamazisha kwa mkono. Akasema, "Hilo lakatazwa." Na kweli ni jambo ambalo mtu yeyote aliyesoma chuoni hapa Pwani ameshalisikia, kwamba Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamlenga kwa mishale, na walikuwa wamekubaliana kila mshale unaokosa unakuwa wa mwenye ndege. Walipomuona wakatawanyika mbio. Akawaambia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Mie niliishangaa sana hii, maanake ukiitazama vizuri ni mchezo ule ule wa Ealing, ndege kafungwa, watu wanashindana, na anayekosa analipa, ila huu ulikuwa Hijazi miaka elfu moja na zaidi kabla. Na dini ile ile inasifu kujifunza shabaha. Kwa hivo kilichokuwa na kasoro ni kile kilichowekwa mbele ya mshale.

Wazungu wenyewe walichukua muda kufika hapo. Na kuna kitu kimenigusa zaidi, kwamba Olimpiki iliyofanyika mji ule ule wa Paris mwaka 1900 ilikuwa na shindano la kupiga njiwa hai. Mbelgiji mmoja, Léon de Lunden, alishinda kwa kuua njiwa 21, na kwa jumla ndege kama 300 waliuawa, uwanja ukajaa manyoya na damu. Mchezo huo haukurudiwa tena. Uingereza ilikuja kuupiga marufuku kwa sheria mwaka 1921. Yaani kutoka Paris ya njiwa mpaka Paris ya dada Ruano ni miaka 124 (ingawa safari hii bunduki zilipigiwa Châteauroux, mbali na mji wenyewe).

Lakini huruma peke yake haikuondoa njiwa, tuseme ukweli. Njiwa walikuwa ghali, kuwapata wengi kwa siku moja ni kazi, kuwalisha ni kazi, na sehemu nyingi walianza kupungua. Kwa hivo Marekani, ambako mchezo huu uliingia kupitia klabu moja ya Cincinnati, Ohio, mnamo 1831, watu wakaanza kutafuta mbadala. Miaka ya 1860 ikaja mipira ya gilasi. Tupu ndani, ya duara, saizi ya chungwa dogo, inarushwa na mashine ya springi, na mingine ilitiwa manyoya ndani ili ikipasuka manyoya yapepee kama ndege kapigwa kweli. Nahodha Adam Bogardus, bingwa wa enzi hizo, alitengeneza mashine bora zaidi mwaka 1877 na mipira ikapendwa sana. Tatizo lake mtu wa Pwani analielewa bila kuelezwa: gilasi iliyovunjika imejaa shamba zima na watu na ng'ombe wanapita. Halafu mpira hauruki kama ndege, unapanda na kushuka kama jiwe tu.

Mwaka 1880 hapo hapo Cincinnati mtu mmoja anaitwa George Ligowsky ndo akapata jibu. Inasimuliwa kwamba alikuwa anawatazama vijana ukingoni mwa maji wanarusha magamba ya chaza, yale magamba bapa, yanaruka-ruka juu ya maji kabla ya kuzama. Na nyie mnajua hicho kitu. Nenda jeti ya Malindi wakati wowote maji yakiwa yametulia utawakuta watoto wana vigae mikononi, vipande vya vyungu na vigae vya paa, wanashindana cha nani kitaruka mara nyingi. Ligowsky aliona kuwa kitu bapa kikirushwa kwa kuzungushwa kinakaa hewani, kinateleza, kinakwenda mbali bila kuanguka haraka, yaani kinaruka kama ndege. Akatengeneza visahani vya udongo na mashine ya kuvizungusha, akavisajilia hakimiliki.

Vile vya kwanza vilikuwa vya udongo uliochomwa kama chungu, vigumu mno, marisau yakigonga vinalia ngaa kama kengele na havivunjiki, mpigaji anabaki anabishana na mwamuzi. Baadae watu wakaja na mchanganyiko wa lami na unga wa mawe ya chokaa, na ndo unaotumika mpaka leo. Kwa hivo hivi visahani tunavyoviita vya udongo havina udongo tena. Ni lami na chokaa, upana sentimita 11, uzito gramu 105, vimetengenezwa vistahimili kurushwa na mashine kwa nguvu zote lakini vipasuke kwa vidonge viwili vitatu. Mie naona Kiswahili kina jina lake tayari, kigae, na ntalitumia kuanzia hapa.

Hiyo ndo trapu. Skiti yenyewe ni mtoto wa juzi tu, na hadithi yake mie naipenda zaidi kwa sababu haikuanza kwenye jumba la wakubwa wala kwa kampuni, ilianza kwa marafiki wachache kwenye shamba la kufugia mbwa.

Pale Andover, jimbo la Massachusetts, alikuwepo bwana mmoja anaitwa Charles Davis, mwenye mbwa na mpenda kuwinda ndege wa msituni wanaofanana kidogo na kwale wetu. Mnamo miaka ya 1910 ikielekea 1920, yeye na mwanawe Henry na rafiki yao kijana William Harnden Foster walikuwa wanataka mazoezi ya kujiandaa na msimu wa kuwinda. Trapu haikuwatosha, maanake trapu kigae kinakukimbia tu, na msituni ndege anatokea popote. Wakachora duara kubwa ardhini, kutoka katikati mpaka ukingoni yadi 25, yaani kama mita 23, wakalifanya uso wa saa. Mashine moja wakaiweka pale Wazungu wanaposoma kumi na mbili, yaani saa sita yetu, ikawa inarusha vigae kuelekea upande wa pili, saa kumi na mbili yetu. Kisha wanazunguka saa nzima, kila alama ya saa unapiga mara mbili. Vituo kumi na viwili mara mbili ni 24. Lakini bokisi la katriji lina 25. Basi ile moja iliyobaki ukawa unakwenda kusimama katikati ya duara na kupiga kigae kinachokuja juu ya kichwa chako. Mpaka leo raundi moja ya skiti ni vigae 25, na kuna kituo katikati. Jambo kubwa kama sheria ya mchezo wa Olimpiki limetokana na watu kutotaka kubakisha katriji moja kwenye bokisi.

Waliuita mchezo wao kupiga kuzunguka saa. Ulikuwa wao wenyewe, kijiklabu kidogo cha mtaani, hakuna aliyeujua. Kisha jirani akaanza kufuga kuku.

Hapa tusimame kidogo. Ukipiga kuzunguka duara zima maana yake marisau yanakwenda pande zote nne, na shamba la jirani lilikuwa upande mmoja, kuku wake wakawa wanamwagiwa vidonge. Wangeweza kubishana naye, wao ndo waliotangulia, ardhi wanapiga ni yao. Mtu aliyekulia mitaa ya Lamu ambako nyumba na nyumba zinashiriki ukuta na uchochoro unapita punda mmoja tu, anajua kesi kama hizi zinavyoweza kukaa miaka na kuvunja koo. Foster hakwenda njia hiyo. Mwaka 1923 akalikata duara nusu. Ile nusu inayoelekea kwa jirani wakaiacha kabisa, na ili wasipoteze pembe walizokuwa wanazipata, akaweka mashine ya pili upande wa pili ikirusha kinyume na ya kwanza. Pembe zote zikarudi, marisau yote yakawa yanakwenda upande mmoja ulio salama, kuku wakabaki na amani yao. Vile vijumba viwili vinavyotazamana unavyoviona kwenye tivii leo ndo hivo. Hakuna mhandisi wala kamati iliyokaa. Ni mtu aliyemfikiria jirani na kuku wake, na mchezo ukatoka pale mzuri zaidi kuliko ulivyoingia, maanake nusu duara inajengeka sehemu nyingi ambako duara zima lisingewezekana.

Foster alikuwa mwandishi wa majarida ya uwindaji, kwa hivo mwaka 1926 akautangaza mchezo rasmi na kukawa na shindano la kuupa jina, zawadi dola 100. Majina yalikuja maelfu. Aliyeshinda ni mama mmoja wa Montana, Gertrude Hurlbutt, kwa neno "skeet", lililotokana na lugha za watu wa kaskazini ya Ulaya na maana yake ni kupiga risasi. Ndani ya miaka michache klabu zikafunguliwa Marekani nzima. Vita vya pili vya dunia vilipoingia jeshi la Marekani likatumia skiti kuwafundisha askari wa kwenye ndege jinsi ya kupiga kitu kinachokwenda mbio, ile hesabu ya mvuvi wa kimia niliyosema mwanzo.

Trapu iliingia Olimpiki mara ya kwanza 1900, skiti ikaingia Mexico 1968. Na mwanzoni wanawake na wanaume walishindana pamoja kwenye skiti, jambo ambalo lilileta kisa ambacho sitaki kukipita. Barcelona 1992 binti wa Kichina Zhang Shan, miaka 24, alipiga vigae 200 bila kukosa hata kimoja kabla ya fainali, akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Olimpiki iliyofuata, Atlanta 1996, skiti ikawa ya wanaume peke yao na ya wanawake haikuwepo, hivo bingwa akakosa hata pa kutetea taji. Wanawake walirudishiwa skiti Sydney 2000. Watu hutoa sababu tofauti tofauti lakini mie naiona ni dhulma tu, na inaniuma kila nikiisoma.

Kwetu huku upwa wa Afrika Mashariki watu tuna ndugu na jamaa Ghuba, kwa hivo labda hili litawafurahisha. Medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya Falme za Kiarabu, Athens 2004, ilikuja kwa bunduki ya marisau, Ahmed Al Maktoum, dhahabu ya trapu ya vigae viwili kwa pamoja (aina ambayo iliondolewa baada ya Rio 2016). Na Mkuwaiti Abdullah Al-Rashidi alipata shaba ya skiti Rio akiwa zaidi ya miaka hamsini, wakati nchi yake imefungiwa na hairuhusiwi kutumia bendera wala jezi yake, basi mzee akaja uwanjani na jezi ya Arsenal. Miaka mitano baadae Tokyo akapata shaba tena, ana miaka 57. Mashabiki wa Arsenal hapa Malindi wapo wengi, lichukueni hilo.

Na Italia je, maana huwezi kuandika kitu Malindi ukawaacha Wataliano. Wamekuwa nasi tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia satelaiti baharini pale Ngomeni, na kwao mchezo huu una jina lake, tiro a volo, kupiga kinachoruka. Ni mojawapo ya nchi kubwa kabisa kwenye trapu na skiti. Kiwanda cha bunduki cha Beretta kina kumbukumbu zinazorudi mpaka 1526. Jessica Rossi alivunja vigae 99 kati ya 100 London 2012 akiwa na miaka 20. Karibu nao kijiografia kuna San Marino, kinchi chenye watu kama elfu 34, wakati Malindi mjini peke yake tuko zaidi ya laki moja, na medali yao ya kwanza ya Olimpiki ililetwa na Alessandra Perilli Tokyo, kwenye trapu. Guatemala kwa dhahabu yake ya kwanza, Falme za Kiarabu na San Marino kwa medali zao za kwanza, zote zilifunguliwa mlango na bunduki hii hii.

Sasa swali ambalo vijana waliniuliza, mbona hatuna klabu kama hiyo huku. Mie sio mtu wa kuogopa swali lakini jibu lina uzito.

Bunduki Kenya ziko chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, kuwa nayo bila cheti ni kosa kubwa, na hilo ni sawa kabisa. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku 1977, kwa hivo ile njia iliyowaleta kina Davis kwenye mchezo, mwindaji anayetaka mazoezi, huku imebanwa sana. Ardhi nayo, marisau yanasafiri zaidi ya mita mia mbili kabla ya kuanguka, kiwanja kinatakiwa kuachiwa nafasi ya karibu mita 275 mbele isiyo na mtu, na huku kwetu kila upande una shamba la mtu, njia ya mbuzi, au mikoko ambamo kina mama wanaokota chaza. Na hayo marisau kwa kawaida ni ya madini ya risasi. Kiswahili kinatumia neno hilo hilo moja kwa kinachotoka kwenye bunduki na kwa yale madini yenye sumu, na sisi Pwani tunaijua hiyo sumu kwa majina ya watu. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ikimwagwa ardhini mwaka baada ya mwaka inaingia kwenye udongo na maji, na viwanja vingi duniani vimelazimika kusafishwa au kuhamia kwenye marisau ya chuma.

Na kwa Lamu kuna jambo zito zaidi. Tangu shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, makumi ya watu walipouawa na kaunti ikawekewa amri ya kutotoka usiku, mlio wa bunduki kwa mama aliyeko Lamu bara ni kitu cha kumfanya akusanye watoto wake alale nao chini. Mtu asiyelielewa hilo asije akazungumza habari ya klabu. Kina Foster walikata mchezo wao nusu kwa ajili ya kuku.

Nilimsomea Ami haya yote wiki iliyopita, tumekaa ukingoni karibu na jeti baada ya alasiri, maji yamejaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza kando, akainama akaokota kigae kwenye mchanga, akakipangusa kwa kanzu. "Njoo nikuonyeshe," akamwambia, "kidole hiki kikae ukingoni, mkono uwe chini, usikitupe, kizungushe." Akakirusha. Kiligusa maji mara tano, sita, kikapanda kidogo hewani, kikazama.